Mtoto wa kwanza ngozi ilikuwa inachubuka, huyu wa pili nitajuaje?

SWALI: Daktari shikamoo. Mimi Mzanzibari naishi London, nimeolewa na mtoto wa ami yangu. Mwaka juzi nilijifungua binti, ngozi ikiguswa tu inatoka malengelenge, nesi alimbandika plasta mkononi, kuibandua ikatoka na ngozi, mpaka leo nikiona plasta moyo unanipiga. Alifariki ana miezi mitatu. Walisema ni EB (epidermolysis bullosa), ugonjwa wa kurithi wa ngozi kutoka malengelenge, aina yake inaitwa jankisho (junctional). Sasa nina mimba ya wiki 8, mama mkwe anasema ni husda, tukasomewe tu. Kuna kipimo? Ultrasaundi haitoshi?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, Mungu amuweke mahali pema. Kusomewa someweni, hakuna ubaya, ila hii si husda na wala si kosa lako. Tabaka la juu la ngozi na la chini yanashikwa na kitu kama gundi, na jeni ya kutengeneza hiyo gundi wewe unayo moja nzima na moja mbovu, mumeo hivyohivyo, pengine mmeirithi kwa babu yenu au bibi. Mtoto akichukua mbovu zote mbili ndo inakuwa vile. Ni 1 kati ya 4, na msidanganyane kwamba mmoja keshaumwa basi watatu wanaofuata wako salama, kila mimba hesabu inaanza upya.

Ultrasaundi itakuonyesha moyo na vidole, gundi haioni. Zamani, miaka ya 1980, hukohuko London walikuwa wanaingiza mrija wanakata kipande cha ngozi ya mtoto tumboni. Siku hizi wanapima jeni, kuanzia wiki ya 11 wanachukua chembe za kondo la nyuma, au kuanzia wiki ya 15 maji ya uzazi. Mimba inaweza kuharibika, ila ni chini ya 1 katika 100.

Sasa hapa ndo watu wanachelewa: maabara lazima ijue kwanza kosa lenu liko jeni gani, LAMB3, LAMA3, LAMC2 au nyingine. Kesho asubuhi mpigie mkunga, sema unataka kliniki ya jenetiki, yaani ya magonjwa ya kurithi, uliza kama damu ya marehemu ilihifadhiwa, kama haipo watoe yenu nyie wawili. Wiki tatu haziko mbali.

Majibu yakiwa mabaya hakuna wa kukulazimisha kutoa mimba. Kama linalokusumbua ni dini, Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1990 liliruhusu kabla ya siku 120, madaktari wakithibitisha ulemavu mkubwa usiotibika, kaongee na shehe unayemwamini, ndo maana mi napenda upime wiki ya 11 usisubiri ya 15. Na ukiamua kuendelea, iandikwe kwenye faili lako kabla ya uchungu: mtoto anyanyuliwe na kigodoro chake, asivutwe kwapani, na asibandikwe plasta wala chochote cha kunata.