Mbona surua imezuka na watoto wamechanjwa?

Dada, umeuliza imekuwaje surua ikaingia mtaani kwenu wakati "karibu kila mtoto kachanjwa". Shida ipo kwenye hilo neno "karibu". Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huambukiza wengine 12 hadi 18. Ili mnyororo ukatike, inatakiwa watu wapatao 95 katika kila 100 wawe na dozi mbili. Sasa piga hesabu: dozi ya miezi 9 peke yake hukinga watoto kama 85 kwa 100. Mkichanja wote mara moja tu, 15 wamebaki wazi, na kwa surua hao wanatosha kabisa. Tena huwa hawatawanyiki. Utawakuta nyumba moja, madrasa moja.

Fungua kadi ya kliniki uangalie dozi ya miezi 18. Ndiyo inayosahaulika, maana mtoto keshatembea na hapelekwi tena kupimwa uzito. Kama hakuipata, mpeleke kesho. Kama alikaa na mgonjwa, chanjo ndani ya saa 72 bado inaweza kumwokoa.

Aliyeugua apelekwe kituoni apewe vitamini A, kisha abaki nyumbani hadi siku 4 zipite tangu vipele vitokee. Ila usishangae wenzake wakifuata: alianza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele, mkidhani ni mafua na macho mekundu tu, na virusi huweza kubaki hewani chumbani kwa muda wa hadi saa 2 baada ya yeye kutoka.