Uthabiti na nguvu: ushauri kwa wanaoanza tenisi Bukavu

Ndugu zangu mnaoanza kucheza tenisi hapa Bukavu, wengi wenu hujiuliza kama ni heri kujifunza kwanza kuurudisha mpira bila kukosea, au kupiga kwa nguvu na kurekebisha makosa baadaye. Kwa maoni yangu uthabiti utangulie, lakini uthabiti si kuusukuma mpira polepole kwa mkono wenye woga, kwa sababu anayezoea kusukuma hulazimika kujifunza pigo upya siku anapohitaji nguvu.

Mpira hubaki uwanjani kwa kupita juu ya wavu kwa nafasi ya kutosha, kisha kushuka mapema. Wavu una kimo cha sentimita 91 katikati na sentimita 107 kwenye nguzo. Mwanzoni, acheni mpira upite mita nzima juu yake. Raketi ianzie usawa wa goti na kupanda hadi begani, huku vidole vikiishika bila kuikaba. Hapo mpira huzunguka kuelekea mbele, na mzunguko huo huushusha kabla ya mstari wa mwisho, hata mkono ukienda kasi.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa Bukavu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako hewa nyepesi haipunguzi sana mwendo wa mpira. Pigo ambalo lingetua ndani kule Dar es Salaam, hapa huweza kutoka nje. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Asiyeipata azikaze nyuzi za raketi kidogo na kuongeza mzunguko.

Fanyeni mazoezi mengi ya kupiga kwa mshazari, kona hadi kona, maana njia hiyo ni ndefu kuliko ile ya moja kwa moja na hupita pale wavu ulipo chini. Kwenye uwanja wa udongo, tazameni alama za mpira: zikikusanyika karibu na mstari wa servisi, ulio kati ya wavu na mstari wa mwisho, inueni mpira juu zaidi badala ya kuupiga kwa hasira. Zikianza kutua mbali bila kutoka, ongezeni nguvu kutoka miguuni na kwenye mzunguko wa kiuno na mabega. Makosa yakizidi, punguzeni kasi kidogo, lakini msilifupishe pigo.

Kwenye servisi ya pili, yaani pigo la kuanzisha mchezo linalorudiwa baada ya la kwanza kukosea, ambako hofu huwa kubwa zaidi, mkono uende kwa kasi ileile ya servisi ya kwanza, ila kasi hiyo itumike zaidi kuuzungusha mpira.