Barua Haziondoki? Itazame Kwanza Folda ya Muda

Simu iliingia Jumatatu saa tatu asubuhi. "Kaka, barua zinaingia lakini haziondoki. Meli imeshafunga gati na nyaraka zote ziko kwangu." Aliyepiga ni dada mmoja, karani wa ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, karibu na bandari. Wanaoifanya kazi hiyo wanajua kuchelewa kwa nyaraka kunamaanisha nini. Kontena likipitisha siku zake za bure, gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabika, na mwenye mzigo hataki kusikia habari za kompyuta.

Nilipofika nikakuta watu wameshahangaika vya kutosha. Nenosiri limebadilishwa. Kampuni inayowatunzia barua pepe imepigiwa simu, ikajibu kwamba kwao kila kitu kiko sawa, na ilikuwa inasema kweli. Kijana wa ofisini ameiondoa Thunderbird, programu wanayotumia kwa barua pepe, na kuiweka upya mara mbili. Barua ikagoma vilevile, na ujumbe ukatokea uleule.

Ujumbe huo ulikuwa wa Kiingereza, na kwa haraka ya asubuhi ile hakuna aliyeusoma hadi mwisho. Kwa Kiswahili ulisema: kutuma kumeshindikana, faili ya muda haikuweza kufunguka, angalia mpangilio wako wa "Temporary Directory". Hautaji seva, yaani kompyuta ya kampuni inayopitisha barua, wala nenosiri. Unataja faili na mahali pa kuiwekea, basi. Kama kuna jambo moja ninalowaomba wasomaji wangu, ni hili: kabla hujagusa chochote, usome ujumbe wa kosa neno kwa neno, au upige picha umtumie anayekijua Kiingereza.

Sasa, ujumbe huo unamwelekeza mtu kwenye mpangilio ambao ukiutafuta ndani ya Thunderbird hutauona. Mara yangu ya kwanza kukutana nao nilimaliza mchana mzima nikifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine kwenye mipangilio ya programu. Haumo kwa sababu si wa programu, ni wa Windows. Barua kabla ya kuondoka huandikwa kwanza yote kwenye diski, ndani ya faili inayoitwa nsmail.tmp au jina linalofanana na hilo, pamoja na viambatisho vyake vikiwa vimegeuzwa kuwa herufi tupu. Kugeuzwa huko huongeza ukubwa kwa karibu theluthi, hivyo PDF ya megabaiti 9 huwa kama 12. Faili ikishakamilika ndipo inasukumwa kwenda kwenye seva. Ni kama karani anayehitaji meza ya kufungia kifurushi kabla hajakipeleka posta. Meza ikiondolewa, kifurushi hakifungwi, hata posta iwe wazi usiku na mchana.

Programu huiuliza Windows: meza iko wapi? Windows nayo hutazama majina mawili iliyoyahifadhi, TMP na TEMP. Huanza na TMP. Ikikuta kitu humo, huchukua hichohicho na kukirudisha bila hata kuhakikisha kwamba folda hiyo ipo.

Nikafungua dirisha la amri, lile jeusi linalokuja ukiandika cmd, nikaandika:

echo %TEMP%

Likajibu njia ya kawaida, ndani ya C:\Users. Hapo wengi huishia wakasema folda ya muda haina tatizo. Nikaandika ya pili:

echo %TMP%

Likajibu E:\Temp.

Nikamuuliza yule dada, "Diski E iko wapi?" Akafikiri kidogo. "Si ile waliyoitoa ilipokufa?" Ndiyo yenyewe. Diski kuu ya kompyuta ile ni ndogo, gigabaiti 120. Fundi aliyewahi kuishughulikia alitaka kuipunguzia mzigo, akahamishia faili za muda kwenye diski ya pili. Wazo halikuwa baya. Diski ya pili ikafa, ikatolewa, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna jina bado linaielekeza kompyuta huko. TEMP ilikuwa imerudishwa, TMP ikasahaulika. Ndiyo maana programu nyingine zilifanya kazi kama kawaida na kila mtu akaamini kompyuta ni nzima.

Kurekebisha hakuchukui dakika tano. Bonyeza kitufe cha Windows na uanze kuandika "environment variables". Yatakuja machaguo mawili, na ni muhimu uchague lile linalosema "for your account". Nasisitiza hili kwa sababu limeniumiza. Ukipitia lile jingine, la mfumo mzima, kwenye kompyuta ambayo mtumiaji wake si msimamizi, Windows itaomba nenosiri la msimamizi. Ukishaliandika, orodha ya juu utakayoiona ni ya msimamizi, si ya yule aliyekaa kwenye kiti. Utarekebisha, utafunga, na kwa mtumiaji hakutabadilika kitu.

Kwenye orodha ya juu chagua TMP, bonyeza "Edit", ufute kilichomo na uandike:

%USERPROFILE%\AppData\Local\Temp

Fanya vivyo hivyo kwa TEMP, hata kama inaonekana sawa. Orodha ya chini ni ya mfumo, kwa kawaida inasema C:\Windows\TEMP, iache kama ilivyo. Na kuna jina Path kwenye orodha hizohizo: usiliguse kabisa, kwani ukilifuta utatengeneza matatizo makubwa kuliko barua kukwama.

Halafu ifunge programu ya barua kabisa na kuifungua tena. Programu huchukua nakala ya majina haya inapowashwa, kwa hiyo iliyokuwa wazi wakati unarekebisha inaendelea kutumia njia ya zamani. Mimi humtaka mtumiaji atoke kabisa kwenye akaunti yake ya Windows kisha aingie upya.

Mara nyingine njia inakuwa sahihi na bado kosa lipo. Hapo jaribu kuandika faili wewe mwenyewe:

echo jaribu > "%TMP%\jaribu.txt"

Likikataa, tatizo ni diski iliyojaa au ruhusa ya kuandika kwenye folda. Likikubali na barua bado inagoma, ninaitazama antivairasi, kwa sababu kuna zinazoikamata faili ya muda kuichunguza na kuishikilia wakati uleule programu inapotaka kuisoma. Usiizime moja kwa moja. Izime kwa dakika chache, jaribu kutuma, uiwashe tena, na ukiona ndiyo yenyewe tafuta mpangilio wa kuiambia isikague barua zinazotoka.

Wanaotumia Linux badala ya Windows nao yanawakuta, ingawa kwa njia fupi zaidi. Folda ni /tmp, na ruhusa zake zinatakiwa ziwe 1777, yaani kila mtu anaandika humo lakini hafuti cha mwenzake. Nimeona seva ndogo ya ofisi iliyokwama kwa sababu mtu alibana ruhusa hizo akidhani anaongeza usalama. Amri ya sudo chmod 1777 /tmp inazirudisha, na df -h /tmp itakuonyesha kama nafasi imebaki.

Outlook, programu ya barua ya Microsoft, ina ugonjwa wake, na huu ndio unaowapata watu wengi zaidi maofisini. Nazungumzia Outlook ya kawaida inayokuja na Office, si ile mpya inayofanya kazi kama tovuti. Unabofya kiambatisho, inakuambia haiwezi kuunda faili, kisha inakushauri ubofye folda kwa kitufe cha kulia uangalie ruhusa zako. Watu wanahangaika na ruhusa wiki nzima, ilhali mara nyingi ruhusa hazina kosa.

Kinachotokea ni hiki. Ukifungua kiambatisho, Outlook huweka nakala yake kwenye folda iliyofichwa ndani ya folda nyingine iitwayo Content.Outlook, yenye jina la herufi na tarakimu zisizo na maana. Ukikifunga kiambatisho kabla ya kuifunga Outlook, nakala hufutwa. Lakini ukiifunga Outlook huku kiambatisho kiko wazi, au umeme ukikatika, nakala inabaki. Kesho ikija Invoice.pdf nyingine, jina la nakala linaongezewa namba, keshokutwa namba inayofuata. Ikifika 99, Outlook inaishiwa namba na kugoma. Fikiria ofisi ya forodha inayopokea Invoice.pdf kutoka kwa kila mteja kila siku, katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa. Tisini na tisa si nyingi.

Folda hiyo huioni hata ukiwasha chaguo la kuonyesha faili zilizofichwa. Njia ya uhakika ni regedit, programu ya Windows inayoonyesha mipangilio yake ya ndani. Nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Security, utaona jina OutlookSecureTempFolder. Namba 16.0 ni ya Office 2016 na zilizofuata. Ya 2013 ni 15.0 na ya 2010 ni 14.0. Usibadilishe kitu humo. Nakili tu ile njia, uibandike kwenye upau wa anwani wa dirisha la mafaili, na folda itafunguka. Ifunge Outlook kabla ya kuanza kufuta.

Ila subiri, usifute bado.

Mhasibu mmoja aliwahi kuniita kwa tatizo hili hili. Nilipofungua ile folda na kupanga faili kwa tarehe, nikaona faili ya Excel yenye jina la mishahara, imebadilishwa siku nane kabla. Nikamwonyesha. Akanyamaza, akaisogelea skrini. "Mwanangu, hii nimeitafuta mpaka nimeirudia upya, nimelala hapa ofisini." Aliifungua kutoka kwenye barua, akaijaza jioni nzima, akabonyeza kuhifadhi, na kompyuta ikaihifadhi kweli, palepale kwenye folda ya muda asipopajua. Alipoifungua tena ile barua kesho yake akakuta jedwali tupu kama lilivyotumwa. Tangu siku hiyo sifuti folda hiyo ya mtu yeyote kabla hajakaa pembeni yangu tukapitia majina pamoja, na chochote cha Excel au Word tunakinakili kwanza mahali pengine. PDF zilizorundikana ndizo tunazofuta bila wasiwasi, na tunafuta vilivyomo tu. Folda yenyewe inabaki.

Kuhusu kuhamisha folda ya muda kwa sababu diski imejaa, maoni yangu ni kwamba usiihamishe kama huna sababu nzito. Safisha diski, au nunua kubwa zaidi. Ukilazimika, ihamishie kwenye diski iliyofungwa ndani ya kompyuta, na ubadilishe TMP na TEMP zote mbili. Usiipeleke kwenye flash, wala diski ya nje, wala ya mtandao, maana swichi ya mtandao ikizimika folda ya muda nayo inapotea.

Yule dada wa forodha tulimaliza naye kabla ya saa sita. Nilimwambia ajitumie mwenyewe barua yenye kiambatisho kikubwa, azime kompyuta, aiwashe, atume tena. Zote mbili zikafika. Nikachukua karatasi nikamwandikia zile amri mbili za echo na majibu yanayotakiwa kutoka, akaibandika kwenye ukingo wa skrini yake, chini kidogo ya orodha ya namba za makontena.