Waipa zimegoma na masika ndiyo haya

Mvua zikianza tu, maswali yanayonifikia yanageuka. Hakuna tena anayeuliza habari ya kiyoyozi, wote ni waipa. Na karibu wote wana gari zilizokwisha kula chumvi. Nimechukua matano.

Shikamoo fundi. Nina Corolla ya 1996. Juzi mvua imenikuta Kimara, nikawasha waipa, zikapanda mara mbili, zikasimama katikati ya kioo, mpaka leo kimya. Fundi umeme wa mtaani kwetu kasema mota imekufa, nikatafute ya mtumba. Ni kweli?

Marahaba. Inawezekana, lakini kabla hujatoa hela muulize amejuaje. Kwa uzoefu wangu mota nyingi "zilizokufa" huzikwa zingali hai.

Washa swichi bila kupiga stata, fungulia waipa, kisha mtu asogeze sikio karibu na boneti. Ukisikia mota inavuma na waipa hazitikisiki, mota ni nzima. Tatizo liko kwenye vyuma vinavyopeleka mzunguko hadi kwenye mikono ya waipa. Kila kiungo pale kina goroli iliyokaa ndani ya kikombe cha plastiki, na plastiki ya mwaka 1996 imeshalegea. Goroli ikichomoka, mota inajizungukia peke yake.

Ukikuta kimya kabisa, anza na fyuzi. Ikiwa imekatika, weka nyingine yenye namba ileile. Usiweke kubwa zaidi, na ule waya wa shaba wanaoviringisha mafundi wa haraka haraka ukatae, kwa sababu safari ijayo kitakachoungua si fyuzi tena, ni nyaya za ndani ya dashibodi. Fyuzi ikiwa nzima, chomoa soketi ya mota upime kwa taa ya testa. Kuna waya mmoja utakaowasha taa hata swichi ya waipa ikiwa imezimwa, huo ni wa kurudishia waipa mahali pake, usikubabaishe. Unaoutafuta ni ule unaowaka ukifungulia spidi ya kwanza. Hauwaki? Basi mwenye kosa ni swichi ya kwenye usukani au nyaya zake, na mota ya mtumba isingekusaidia kitu. Unawaka? Kagua ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari, safisha pale mota inapofungwa kwenye bodi, ujaribu tena. Bado kimya, igonge mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, kaboni zimekwisha, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota. Hapo ndipo namkubalia fundi wako.

Swali ambalo hukuniandikia: gari linalala wapi? Jirani yangu alinililia shida kama yako, na gari lake hulala chini ya mti wa mkungu. Tulipofungua ile plastiki nyeusi ya chini ya kioo cha mbele tulikuta majani yameoza yakawa tope, matundu ya kutolea maji yameziba, na mota imekaa kwenye maji kama kiboko. Tulizoa majani, tukazibua matundu kwa waya, tukakausha soketi iliyoota kutu ya kijani. Mota ileile inapiga kazi hadi leo.

Jambo moja la kushika: ukiwa na vidole mle ndani, swichi iwe imezimwa na soketi imechomolewa. Vyuma vile vikishtuka havijui kidole.

Waipa ya upande wa dereva imelala chini, ya abiria inapiga kama kawaida. Mota tena?

Hapana. Mota ni moja kwa zote mbili, ingekufa zingelala zote. Ng'oa kifuniko kidogo kwenye shina la mkono wa waipa, utakuta nati. Kwenye Toyota nyingi ni spana 12 au 14. Mara nyingi imelegea. Kabla ya kukaza, washa waipa na uzime, ili mhimili urudi kwenye nafasi ya kulala, ndipo upachike mkono. Meno ya mkono yakiwa yamelika, kukaza hakutadumu, tafuta mkono wa mtumba. Usikubali wauchomelee, siku ya kutaka kuutoa utajuta.

Kaka, spidi ya kwanza haipo, ya pili ipo. Halafu nikizima zinasimama popote zinapotaka.

Mota hizi kwa kawaida zina kaboni tatu: moja ni ya pamoja, moja ya spidi ndogo, moja ya spidi kubwa. Ya spidi ndogo ndiyo inayotumika sana, ndiyo hufa kwanza. Pima soketi kwanza kama nilivyoeleza juu, maana swichi nayo huchoka. Kuhusu kusimama popote: fungua kifuniko cha gia za mota, ndani kuna kisahani cha shaba chenye pengo. Kikichafuka au vidole vyake vikipinda, mota haijui nyumbani ni wapi. Safisha kwa msasa laini, paka grisi kidogo.

Nimebadilisha raba mara mbili, za kununua foleni ya Ubungo. Bado zinalia na kurukaruka.

Osha kioo kwa sabuni ya vyombo, mpaka maji yatandae bila kujikusanya. Nta za kuoshea magari na moshi wa dizeli huacha utando. Zikiendelea kuruka, mkono umepinda: raba ikiwa imesimama katikati ya kioo iwe wima, isilale upande. Na mafuta ya taa usipake kwenye raba, yanaivimbisha.

Mzee kaniachia Volkswagen Beetle ya 1969, ninayo hapa Moshi. Waipa zinapiga, maji hayaruki. Fundi kazunguka gari zima akitafuta pampu, hakuiona.

Na asingeiona, kwa sababu haipo! Hili swali limenifurahisha wiki nzima. Gari hilo husukuma maji kwa upepo wa tairi la spea. Fungua boneti ya mbele, utaona kibomba kinachotoka kwenye kopo la maji kwenda kwenye valvu ya spea. Upepo ukishuka kiasi fulani, valvu yake hujifunga ili spea isibaki kapa. Kwa hiyo jaza spea kiasi cha psi 40, ujaribu. Ikiwa kesho yake imeshuka tena, pitisha povu la sabuni kwenye kibomba chote na kwenye maungio. Mpira wa miaka hiyo hupasuka palepale ulipopinda.