Mboga kiasi gani zinatosha? Maswali na majibu

Nasikia vipimo vitano kwa siku. Kipimo kimoja ni kiasi gani?

Gramu 80 za kile kinacholiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Hesabu ya vitano inatoka hapo. Huna mizani? Chukua kijiko cha chakula. Karoti au njegere zilizopikwa ni vijiko 3 vya kujaa kilima. Mchicha au sukuma wiki iliyopikwa ni vijiko 4. Nyanya moja ya wastani inatosha kuwa kipimo. Tango, kipande cha sentimeta 5.

Nanunua mafungu mawili ya mchicha kwa watu watano. Yanatosha?

Fungu halisemi kitu. Mizizi na vishina vigumu vinatupwa, majani nayo yakipata moto yananywea. Pima kilichobaki sufuriani: watu watano wanahitaji vijiko 20 ili kila mmoja apate kipimo kimoja. Ukipata 10, kila mtu amekula nusu tu.

Osha majani kabla ya kukata, si baada, maana vitamini C na foleti (vitamini ya kundi B) husombwa na maji. Kwa sababu hiyohiyo usichemshe ukamwaga supu yake. Weka maji kidogo na uivishe haraka. Mafuta kidogo yana kazi: bila mafuta mwili haufyonzi vizuri karotini inayotupatia vitamini A. Kidogo, lakini, si mchicha unaoogelea. Kisamvu kina utaratibu wake: kitwangwe, kisha kichemshwe vya kutosha bila mfuniko, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu ya sianidi.

Kila siku tunakula ugali na mboga, leo dagaa, kesho maharage. Nimetimiza?

Hapa neno letu linatuponza. "Mboga" ya mezani ni chochote kinachoteremsha ugali, hata nyama. Dagaa hawahesabiwi kabisa. Maharage, kwa hesabu ya Waingereza, ni kipimo kimoja tu kwa siku hata ukila bakuli mbili. Ongeza majani pembeni, au kachumbari ya maana. Vipande vitatu vya nyanya ni pambo.

Viazi vitamu je?

Hapana. Viazi, mihogo na ndizi za kupika ni wanga, vinakaa upande wa ugali. Matembele ndiyo.

Mtoto wa miaka mitatu?

Kipimo chake kimoja ni kinachoenea kwenye kiganja chake mwenyewe, si chako.

Baba anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Aache mboga za majani?

Asiache, wala asizidishe ghafla. Majani yana vitamini K nyingi, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kinachotakiwa ni kiasi kilekile wiki hadi wiki, na akitaka kubadilisha amwambie kwanza daktari ili damu ipimwe. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kabla ya kuongeza, kwa sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo kwenye mboga.