Mashairi ya papo kwa papo mgahawani

Swali: Shikamoo dada, niko Arusha, nataka nikae kwenye mgahawa pale karibu na Mnara wa Saa niwaandikie wateja mashairi wakisubiri chai, sasa mtu akitaka la mchumba wake nami simjui nafanyaje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, wazo zuri sana hilo! Ongea kwanza na mwenye mgahawa mkubaliane meza na muda. Afu mteja muulize huyo mchumba anacheka vipi, anapenda nini, walikutana wapi, maana bila hivyo utaishia kuandika maua na nyota tu. Tarbia, yaani shairi la mistari 4 kila ubeti, beti 2 zinatosha, mizani (silabi) 16 kila mstari, 8 nusu ya kwanza na 8 nusu ya pili, msomee kwa sauti kabla hajaondoka. Hela chukua mwanzoni.