Methylphenidate na mtoto asiyegusa chakula cha mchana

Dada, mwanao kutogusa chakula cha mchana si deko: methylphenidate anayomeza, dawa ya ADHD (tatizo la kukosa umakini na kutotulia), yenyewe huua hamu ya kula. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa muda wa kama saa 4, kile cha kutoa dawa polepole kwa muda wa saa 8 hadi 12, na njaa hurudi dawa ikiisha mwilini. Basi mlishe kabla hajameza, chakula hakiharibu dawa hii: mahamri kwa mbaazi za nazi, yai, uji wa maziwa. Mchana mfungie kidogo tu, usimlazimishe. Usiku akianza kufunua sufuria mwenyewe, mpakulie mlo wa haja hata kama ni saa tatu. Kile cha kutoka polepole usikisage ukatia kwenye uji, dozi ya kutwa nzima itamwingia kwa mpigo.

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mtoto wa miaka 10 kushuka chini apimwe uzito kila miezi 3, kimo kila miezi 6. Uzito ukipungua, rudi kwa daktari aliyemwandikia, usikate dawa mwenyewe. Na zile dawa za maji za kuongeza hamu, usinunue kiholela. Baadhi zina cyproheptadine, dawa ya mzio inayoleta usingizi, mtoto atasinzia darasani.